Imeahirishwa Hadi Lini

Ubao wa safari ulikuwa umeandika neno moja mara kumi na mbili, moja chini ya jingine, kama daftari la mwanafunzi aliyeadhibiwa: IMEAHIRISHWA. Mbele ya kila neno palikuwa na nafasi ya kuandika saa, na nafasi zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Mke wa Bwana Stoo aliusoma ubao kutoka juu hadi chini, kisha akaurudia, kwa kuwa kazi yake ya miaka ishirini na sita ilikuwa kusoma kila kitu mara mbili. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Neno lile alikuwa ameliandika mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kuliandika bila kulifuatisha na neno "hadi" na tarehe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ndege yao ilipaswa kuondoka saa moja. Ulikuwa msimu wa joto na likizo ndefu ya shule, juma ambalo kila familia yenye ndugu mbali huamua kwenda kumwona, na shirika lilikuwa limewauzia tiketi wote hao bila kujiuliza lingewabeba kwa ndege gani. Viyoyozi vilikuwa vimezimika tangu alfajiri. Ukumbi ulinuka soksi, maziwa yaliyochacha na dawa ya kusafishia sakafu ambayo ilikuwa imemwagwa lakini haikusuguliwa. Mapipa ya taka yalikuwa yamejaa hadi watu wakaanza kuziegemeza taka zao kwenye mapipa, kwa adabu, kana kwamba kuegemeza si kutupa. Bwana mmoja aliyevaa suti alikuwa amevua viatu na anakata kucha za miguu, na kila ukucha uliruka ukaenda kutua penye watu.

Bi Mkubwa, mama mkwe, alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha magurudumu kilichokosa pa kuwekea mguu wa kushoto. Mguu huo ulining'inia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa limebakiza upenyo, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kesho saa mbili asubuhi, katika hospitali ya mji wa pili, jicho hilo lilikuwa na miadi ya kupasuliwa na madaktari wageni waliokuja kwa juma moja tu. Kesho ilikuwa siku yao ya mwisho. Karatasi ya hospitali ilisema kwamba asiyefika kwa wakati nafasi yake atapewa mwingine, na daktari wa macho wa mtaani alikuwa ameongeza kwa mdomo kwamba jicho hilo halitausubiri mwaka ujao. Kwa basi ilikuwa safari ya siku mbili.

"Wanasemaje, Karani?" aliuliza Bi Mkubwa. Hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe tangu siku ya kwanza, kwa dharau iliyokuja kuzoeleka hadi ikawa mapenzi.

"Imeahirishwa, mama."

"Hadi lini?"

"Hawajaandika."

"Basi hawajaiahirisha. Wameitupa."

Bwana Stoo alikohoa. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mtu mpole aliyeamini kwamba kila ofisi, ikiachwa ifanye kazi yake, mwishowe huifanya. "Tuwape muda," alisema. "Wana mambo mengi."

"Wana mambo mengi," alikariri mama yake. "Na mimi nina jicho moja."

* * *

Kwenye kaunta palikuwa na foleni tatu zilizokutana mbele na kuwa ugomvi mmoja. Mpiga chapa alisimama saa nzima nyuma ya mfanyabiashara wa matairi, mtu mnene aliyekuwa akijipepea kwa pasi yake ya kupandia ndege.

"Mimi hii ni safari ya nne mwaka huu," mfanyabiashara alimwambia bila kugeuka. "Wala sikasiriki tena. Nikifika nyumbani mke wangu ananiuliza, umepanda ndege? Namwambia, nimepanda hasira, ndege sikuiona."

Alipofika mbele, mpiga chapa aliweka tiketi tatu juu ya kaunta, akazinyoosha kingo zake. Binti wa kaunta alikuwa na wanja uliochuruzika na sauti iliyokwisha.

"Samahani, dada. Safari hii imeahirishwa hadi saa ngapi?"

"Tunasubiri taarifa kutoka juu, mama."

"Juu wapi?"

Binti alielekeza kalamu juu. Hapo juu dari lilikuwa limebanduka kipande, na nyaya zilitokeza kama matumbo.

"Nielewe, dada. Kitu kikiahirishwa hupewa siku nyingine au saa nyingine. Kisipopewa, kinaitwa jina jingine. Imefutwa?"

Binti alitazama kulia, kisha kushoto, kama mtu aliyeambiwa tusi mbele ya wazazi. "Hilo neno silitumii, mama. Nimekatazwa. Sisi tunasema imeahirishwa."

Mpiga chapa akaelewa kila kitu. Nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo kama chungu, palikuwa na kifungu cha tisa, ambacho alikuwa amekisoma nyumbani siku ile ile tiketi ziliponunuliwa. Safari ikifutwa, shirika litamhamishia abiria kwenye ndege ya shirika jingine siku hiyo hiyo, kwa gharama ya shirika lililouza tiketi. Safari ikiahirishwa, abiria atasubiri na kupewa kiburudisho. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na gharama kubwa, na mtu fulani huko juu, kwenye nyaya, alikuwa amechagua lile la bei nafuu.

"Haya," alisema. "Basi niandikie kwamba imeahirishwa, uweke saa, utie sahihi."

"Siruhusiwi kuandika chochote, mama."

"Unaruhusiwa nini?"

Binti alifikiri. Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa. "Kuomba radhi," alisema.

* * *

Saa sita Bi Mkubwa akataka kwenda msalani. Jambo hilo, ambalo nyumbani huchukua muda wa kuchemsha chai, lilichukua dakika hamsini. Wanawake walikuwa wamejipanga hadi nje ya mlango, na maji ndani yalikuwa yamekatika, na yale yaliyokuwa sakafuni hayakuwa maji ya mfereji. Kiti cha magurudumu hakikupita mlangoni. Mpiga chapa alimwinua mama mkwe wake, akampandisha gauni hadi magotini, akamwongoza hatua kwa hatua juu ya vipande vya maboksi ambavyo mtu mwenye huruma alikuwa amevitandaza.

"Nakanyaga nini?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Boksi, mama."

"Na chini ya boksi?"

"Usiulize."

"Leo nashukuru kutoona," alisema Bi Mkubwa, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mlango wa choo ulikuwa hauna komeo. Mpiga chapa alisimama nje akiushikilia kwa mgongo, uso wake ukiwatazama wenzake wote waliokuwa wakisubiri, na akasikia, kama walivyosikia wote, yale ambayo mwanamke wa miaka sabini na minne anastahili asisikiwe akiyafanya. Ndani, mama mkwe alikuwa akijisemea kwa sauti ya chini. Haikuwa dua.

Waliporudi, Bwana Stoo alikuwa amesimama pale walipomwacha, ametulia, uso wake uking'aa kwa mafanikio. Mikononi alikuwa na mifuko mitatu ya karatasi.

"Mmekosa," alisema. "Wamepita wanagawa. Skonzi moja na chupa ya maji kwa kila mtu. Nimewachukulia na ninyi. Wengine wamekataa, sijui kwa nini. Kiburi tu."

"Wamegawa bure?" aliuliza mke wake.

"Bure. Ni kusaini tu."

"Kusaini wapi?"

"Kwenye orodha. Mambo ya kawaida. Umepokea, unasaini." Alikuwa mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja alipokea magunia ya mchele, madumu ya mafuta, chaki na mifagio, akahesabu, akasaini. Hakuna gari lililowahi kuondoka kwenye stoo yake bila sahihi yake, wala sahihi yake haikuwahi kutiwa shaka na mkaguzi. Mkono wake ulikuwa umejifunza kutangulia macho. "Nimesaini kwa wote watatu, mama watoto. Ili kupunguza usumbufu."

"Ulisoma juu ya karatasi?"

"Juu paliandikwa jina la shirika."

"Na chini ya jina la shirika?"

Bwana Stoo alitazama skonzi. Ilikuwa kavu, imechapwa nembo ya shirika kwa sukari.

* * *

Ni mfanyabiashara wa matairi aliyewaletea habari, saa saba na robo, akiburuta begi lake kwa haraka isiyolingana na umbo lake.

"Mama, mnangoja nini hapa? Wamelitoa lile neno. Sisi tuliokataa skonzi tumeambiwa yetu imefutwa. Tunahamishiwa ile ndege nyingine ya saa kumi. Pitieni chumba kile cha kioo, upesi."

"Na waliopokea?"

Mfanyabiashara akaitazama mifuko mitatu ya karatasi. Alikuwa ameona mengi viwanjani, lakini mbele ya yule mama aliyening'iniza mguu alikosa utani. "Waliopokea yao bado imeahirishwa," alisema, akaenda zake.

Ndege moja, safari moja, saa moja. Nusu ya abiria ilikuwa imefutiwa na nusu ilikuwa imeahirishiwa, na kilichowatenganisha kilikuwa skonzi.

Bwana Stoo aliketi juu ya begi. "Sikujua," alisema.

"Umeniuza kwa mkate," alisema mama yake, bila ukali, kama mtu anayetaja bei. "Tena huo mkate wenyewe sijaula."

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe msamaha mimi. Mwombe Karani afikiri."

* * *

Chumba cha kioo kilikuwa na kiyoyozi kilichofanya kazi. Hilo ndilo jambo la kwanza waliloliona baada ya foleni ya saa nzima mlangoni pake, na ndilo lililomchafua roho mpiga chapa kuliko yote: ubaridi ule safi, uliofungiwa ndani ya kioo, umbali wa hatua tano kutoka kwa watoto waliokuwa wakitapika. Msimamizi alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya taratibu, kwa kucha ndefu ya kidole gumba, na kokwa akazitemea kwenye kikombe kilichoandikwa ABIRIA KWANZA.

"Nyinyi mmekubali kusubiri," alisema, akivuta orodha kwa kidole chenye maji ya chungwa. "Hii hapa. 'Sisi tuliotia sahihi tumeridhia kusubiri safari itakayopangwa.' Sahihi moja, mbili, tatu."

Mpiga chapa aliitazama ile karatasi kichwa chini, maana alikuwa amezoea kusoma nyaraka kutoka upande wa pili wa meza. "Sahihi tatu, mkono mmoja," alisema.

"Eti?"

"Zote za mume wangu. Mtu mzima mwenye akili timamu hasainiwi na mwingine bila idhini ya maandishi. Mama huyu hakuridhia kitu. Wala mimi. Wakati karatasi hii inasainiwa tulikuwa msalani, na mashahidi tunao foleni nzima."

Msimamizi aliacha kumenya. Akamtazama Bwana Stoo, akamtazama Bi Mkubwa, kisha akamrudia mpiga chapa kwa macho ya mtu aliyeuma mfupa ndani ya tonge. "Wewe ni wakili?"

"Huandika wanayosema mawakili."

"Mama ana miadi ya jicho kesho asubuhi," alidakia Bwana Stoo. "Akikosa atapofuka, mheshimiwa. Sisi si watu wa fujo."

"Kila mtu hapa ana mgonjwa," alisema msimamizi. "Jana nilikuwa na bwana harusi." Akameza kipande cha chungwa. "Sikilizeni. Nakala ya orodha imeshapanda juu. Siwezi kuishusha hivi hivi, nitaulizwa. Nahitaji karatasi ya kunilinda. Huyu mzee aandike kwamba alighushi sahihi zenu. Nikipata hiyo, nawatoa nyinyi wawili kwenye orodha, nawatafutia viti viwili. Na hivyo viwili ni kwa taabu, ile ndege imejaa."

"Na yeye?" aliuliza mpiga chapa.

"Yeye kasaini kwa mkono wake mwenyewe. Yeye kesharidhia."

Bwana Stoo alichomoa kalamu mfukoni mwa shati, ile ile aliyosainia orodha. Msimamizi akamsukumia karatasi, na alipoona meza imelowa maji ya chungwa, akaipangusa kwa kiwiko cha mkono wa shati lake.

"Niandikeje?" aliuliza Bwana Stoo. Hakumwuliza msimamizi.

Mpiga chapa alikuwa amechapa maelezo ya namna hiyo mara mamia. Aliyachapa ya wezi wa ng'ombe, ya makarani wenzake, ya baba mmoja aliyeuza nyumba ya watoto wake. Sikuzote maneno yalitoka kinywani mwa mtu mwingine; yeye alikuwa vidole tu. Sasa alitakiwa kuyatoa yeye.

"Andika: Mimi, mtunza stoo wa shule, naeleza kwamba niliweka sahihi kwa niaba ya..."

"Nakiri," alisema msimamizi.

"Naeleza inatosha."

"Naeleza ni hadithi. Mimi nataka nakiri. Na hiyo 'kwa niaba' itoe. Aandike 'nilighushi'."

"Hakughushi. Alikosea."

"Mama, muda ni wako. Wanafunga kuandikisha saa tisa."

Ukutani saa ilionyesha saa nane na dakika thelathini na tano. Mpiga chapa alitazama mkono wa mume wake, mkono ambao haukuwahi kuandika saba mahali pa sita, uliowahi kurudi shuleni kwa miguu jioni ya mvua kwa ajili ya boksi moja la chaki lililozidi. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Andika nakiri," alimwambia.

Akaandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani, *nakiri kwamba nilighushi*, na alipofika mwisho akatia sahihi yake kamili, na tarehe, na saa. Msimamizi aliisoma, akaipiga picha kwa simu, kisha akauliza kama watu, pale shuleni, wanajua tabia yake hii. Lilikuwa swali la mzaha. Bwana Stoo alilijibu.

"Hapana," alisema. "Hawajui."

Bi Mkubwa, ambaye kwa muda wote huo alikuwa amegeuzia uso wake upande wa sauti, alinyoosha mkono hewani. "Nipeleke nje, Karani. Humu pananuka chungwa."

* * *

Waliagana penye kamba iliyotenga njia ya wanaopanda ndege. Bwana Stoo alimkabidhi mke wake karatasi ya hospitali, matone ya macho, shali, na mfuko wenye nguo za ndani za mama yake, kila kitu akikitaja kwa jina kama anayekabidhi stoo. Alisema atawafuata kwa ndege yoyote itakayopatikana. Wote watatu walijua kwamba haikuwa na saa.

"Nenda nyumbani," mke wake alimwambia. "Usilale humu."

"Nikiondoka watasema nimeacha mwenyewe."

"Waache waseme."

"Hapana," alisema. "Nimesaini kusubiri." Na hakuwa anatania, hakujua kutania. Akaenda akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa na mabaki ya maziwa, baada ya kukipangusa kwa kitambaa chake.

Saa kumi na dakika kumi waliingizwa ndani ya ndege ya shirika jingine. Ilikuwa ndege safi, yenye ubaridi, na walipopita katikati ya viti mpiga chapa aliona kwanza safu moja tupu, kisha ya pili, kisha akaacha kuangalia, kisha akaangalia tena na kuhesabu, kwa sababu hakujua kufanya vinginevyo. Viti thelathini na vinane. Mikanda ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake. Mfanyabiashara wa matairi alikuwa amejinyoosha peke yake kwenye safu ya watu watatu, amevua viatu, tayari anakoroma.

Alimketisha mama mkwe wake, akamfunga mkanda, akaketi kando yake. Mlango ulifungwa. Kupitia dirishani alikiona kioo cha ukumbi wa abiria, na nyuma ya kioo vichwa vingi vyeusi, na hakuweza kumtambua hata mmoja.

Bi Mkubwa aligeuza uso. "Karani."

"Naam, mama."

"Imejaa kweli?"

Kwa miaka ishirini na sita mpiga chapa hakuwa amebadilisha neno hata moja katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Jaji mmoja aliwahi kumwomba, kwa upole. Alikataa, akahamishwa chumba. Alitazama safu iliyokuwa mbele yake, na ile ya ng'ambo, na ile ya nyuma.

"Imejaa, mama. Pomoni."

"Mm," alisema Bi Mkubwa.

Mhudumu wa ndege alikuja akikagua mikanda, msichana mwenye sauti ya furaha ya watu ambao asubuhi yao ilikwenda vizuri. Akainama. "Mama zangu, mbona mmebanana hivi? Sogeeni tu, kaeni popote mnapotaka. Leo nafasi ni tele."

Mpiga chapa hakuinua macho. Aliuona mkono wa mama mkwe wake ukitoka chini ya shali, ukipapasa hewani, ukaupata mkono wake, ukatulia juu yake.

"Asante, mwanangu," Bi Mkubwa alimjibu mhudumu. "Tumeshaambiwa imejaa."